Boga lilikuja baadaye
Jana nimepinda vijiko viwili na nusura nijikate kidole nikichonga tanipu, ile mboga ya mzizi, iwe taa yenye uso ya Halloween. Ndiyo, tanipu, siyo boga! Bibi jirani yangu hapa Dublin aliniona natoka dukani na boga akacheka: "Hilo la Wamarekani." Utotoni mwao walikomba tanipu, wakatia kipande cha mshumaa ndani. Wairishi walipohamia Marekani ndipo wakakutana na boga, kubwa na laini kuchonga. Sasa nawaelewa kabisa.

Nami nilidhani Halloween ni biashara ya peremende tu. Kumbe mzizi wake ni Samhain, sikukuu ya Wakelti, watu wa kale wa huku Ireland, ya kufunga mavuno na kuingia baridi, usiku wa 31 Oktoba, ambapo iliaminika wafu wanapita karibu na walio hai. Makumbusho ya karibu na mji wa Castlebar yana nakala ya plasta ya tanipu la zamani lililochongwa, la kaunti ya Donegal, meno nje, macho yamezama. Mwanangu kaiona kwenye simu, kagoma kulala peke yake.

Tukamalizia na barmbrack, mkate wa zabibu kavu unaofichwa pete. Anayeipata, ndoa mwaka huohuo. Imeniangukia mimi, mke wa mtu miaka 11. Mume wangu hajacheka.