Jina lililonishinda kulitamka

Johannesburg, Jumatano usiku

Leo nimechelewa semina kwa sababu ya jina. Nilielekezwa Jengo la Es'kia Mphahlele, lenye jina la yule mwandishi wa Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits). Nikasimama kona ya Jorissen na Bertha pale Braamfontein, upepo ukinichapa, nikiuliza wapita njia. Wawili wakatikisa kichwa. Wa tatu akachungulia simu yangu, akacheka: "Aa, University Corner!" Kumbe ndilo jina la zamani. Ghorofa lenyewe lilikuwa mgongoni kwangu, refu la kuumiza shingo.

Aliyenirekebisha matamshi ni mlinzi wa mlangoni, mzee mmoja wa Limpopo. Mimi nilikuwa nasema "Mfalele". Akaniambia nibandike ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha niachie pumzi itokee pembeni. Nilijaribu mara nne, mate yakarukia daftari la wageni. Akayapangusa kwa mkono wa koti lake bila kukasirika. Kwao, akasema, hilo ni jina la ukoo mzima, na la mahali pia.

Mimi Mphahlele nilimfahamu kwa upande wa kwetu Nairobi. Alifika mwaka 1963, akaanzisha kituo cha waandishi na wasanii, kikaitwa Chemchemi. Mzaliwa wa Pretoria, na kituo chake kina jina la Kiswahili! Mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa walioandaa ule mkutano wa waandishi Makerere, ambao Ngũgĩ alihudhuria akiwa bado mwanafunzi. Baadaye ikafichuka kwamba shirika lililomwezesha lilikuwa likipokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na wapo wasiotaka kusikia lingine juu yake. Haya. Lakini nimepita katikati ya Nairobi miaka yote hii na sijaona hata kibao cha Chemchemi.

Kinachonikereketa zaidi ni ualimu wake. Mwaka 1952 alifukuzwa kazi katika shule ya Orlando kwa kupinga Elimu ya Kibantu, ile elimu duni ambayo serikali ya ubaguzi iliwapangia Waafrika, na mwaka 1957 akahamia Nigeria, akafundisha huko. Kitabu cha maisha yake, Down Second Avenue, kikatoka 1959. Ikafika wakati kunukuu maneno yake nchini mwake likawa kosa la jinai. Mwaka 1977 akarudi, akiacha uprofesa Marekani, na Ezekiel akawa Es'kia. Chuo kimoja kilimtaka, serikali ikakataa. Profesa mzima akaenda kukagua shule za Lebowa, eneo ambalo serikali ya ubaguzi iliwatengea Wapedi! Wits walikuja kumchukua baadaye, na mwaka 1983 akawa mkuu wa idara mpya ya fasihi ya Kiafrika.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani wakati wa semina. Sikusikia nusu ya yaliyosemwa.

Jioni nikarudi kwenye daftari kuandika saa ya kutoka. Safu ya "unakokwenda" imejaa UC, UC, UC, ukurasa mzima. Mstari wangu peke yake ndio wenye jina kamili, na herufi zimefurika hadi safu ya namba za simu.

"Ke a leboga, ntate," nikamwambia mzee, yaani "Asante, baba", maneno ya Kisepedi niliyojifunza hotelini. Kisha nikajaribu lile jina mara ya tano.

Akaegemeza sikio, akafikiri.

"Kesho uje mapema," akasema.