Kipimo cha Presha cha Mama

Nilipiga kiki mara nne bila jibu. Ya tano injini ikashika, ikatoa moshi wa buluu, ikanguruma taratibu vile vile nilivyokuwa nikiisikia kichwani kwa miezi kumi na minne. Nikaondoa mkono kwenye usukani nijipanguse jasho. Ndipo ikaanza kupanda yenyewe. Sikuwa nimevuta mafuta; waya ulikuwa umelegea kabisa, lakini mlio ukazidi kupanda mpaka vikopo vya boliti vikaanza kutembea juu ya meza. Nikazungusha mshiko mbele na nyuma, haikusikia. Mwisho nikaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Ikavuta ngozi ya mkono wangu, ikakohoa, ikazima.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, miwani mkononi.

"Imewaka, Mama," nikamwambia.

"Hiyo si kuwaka, mwanangu. Hiyo ni kuweweseka."

Mama ni muuguzi mstaafu. Wakati ule sikumjibu, kwa sababu nilidhani anazungumza lugha yake ya wodini na mimi nina lugha yangu ya spana.

Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA Bantam D1 ya mwaka 1953, injini ya mipigo miwili, ujazo wa sentimita za ujazo 123, gia tatu. Iliingia nyumbani ikiwa fremu yenye kutu na masanduku mawili ya vipande. Watu wengi wakiiona huiona kuwa kijipikipiki cha Kiingereza cha zamani, basi. Mimi niliipenda kwa sababu ya ukoo wake. Mchoro wake ulitoka Ujerumani, kwenye DKW RT 125, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukachukuliwa na mataifa yaliyoshinda kama sehemu ya fidia. BSA wakaugeuza kama unavyogeuka kwenye kioo, ili gia ziwe mguu wa kulia kama Waingereza walivyozoea wakati huo, na Bantam ikatoka mwaka 1948. Harley-Davidson wakatengeneza yao kutokana na mchoro huo huo. Warusi wakatengeneza yao. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata njia ile ile. Kwa hiyo kila nilipoibeba injini ile mikononi, ndogo na nyepesi kama mtoto mchanga, nilihisi nimebeba ndugu wa nusu ya pikipiki za dunia.

Somo la kwanza lilikuwa la spana. Nati ya kwanza niliyoigusa, spana namba 13 haikuingia na namba 14 ilicheza. Nililazimisha ile 14, nikazila pembe za nati mbili kabla sijajua kwamba pikipiki za Kiingereza za zama zile zina vipimo vyake, vinavyotokana na Joseph Whitworth, fundi aliyependekeza mwaka 1841 kwamba nati na boliti zote ziwe na utaratibu mmoja. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth ni unene wa boliti, si upana wa kichwa cha nati. Ile iliyoandikwa robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Ndiyo maana 13 hukataa na 14 huharibu. Nikanunua seti kamili iliyotumika, na tangu siku hiyo sijaharibu nati nyingine. Fundi anayeanza pikipiki ya aina hii akiniuliza aanze na nini, namwambia aanze na spana, rangi itamsubiri.

Mimi mwenyewe nilianza na rangi. Tanki nililipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikalipaka mara sita, na kila koti nililisugua kwa msasa wa maji kabla ya linalofuata. Halafu nikaingia kwenye mabadiliko. Nilitaka ilale chini, iwe nyembamba, ifanane na pikipiki za mashindano. Nikaweka usukani mfupi ulioinama, kiti cha mtu mmoja nilichokishona mwenyewe, na taa za volti 12 badala ya zile za volti 6 ambazo usiku zilitoa mwanga wa mshumaa. Madigadi ya nyuma nilikaribia kuikata. Nilikwisha kuichora mstari kwa chaki na msumeno ulikuwa mkononi. Nikaiacha. Nilijiwekea sharti kwamba sitakata wala kuchomelea kitu chochote ambacho siwezi kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani, na sharti hilo bado nalishika.

Badiliko nililolionea fahari kuliko yote lilikuwa kwenye kabureta. Nilitoa filta ya hewa ya asili, ambayo ndani yake mna choki, kilango cha kuzibia hewa, nikafunga tarumbeta ya alumini niliyoichonga kwa tupa na kuing'arisha mpaka nikajiona ndani yake. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Lakini siku ile injini ilipopanda sikuwa na choki ya kufunga. Nilikuwa na kiganja tu.

Injini nilikuwa nimeifungua nusu. Nilitoa kichwa na silinda, nikaweka ringi mpya, nikasafisha mkaa. Sehemu ya chini, kasha linalobeba kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, sikuigusa. Niliizungusha kranki kwa mkono, ikazunguka laini bila kucheza, nikasema beringi ziko salama, ya nini kupasua kasha? Sikuwaza kuhusu vitu viwili vya mpira, kila kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa, vilivyokaa kwenye ncha mbili za kranki ile.

Baada ya ule mpando wa kwanza nilitoa plagi nikaitazama. Rangi ya plagi husema mengi. Ikiwa ya kahawia kama udongo mkavu, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Yangu ilikuwa nyeupe kama chokaa. Nikasema tatizo ni tarumbeta, hewa inapita kwa wingi, basi niongeze petroli. Nikaweka jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kubwa zaidi, nikapandisha sindano ya kabureta ngazi moja. Ikatulia kidogo. Nikaweka jeti kubwa kuliko hiyo. Ikatulia zaidi, na mimi nikajiona nimelishinda.

Jumamosi iliyofuata niliitoa barabarani. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Upepo usoni, tanki likiwaka jua. Kwenye mteremko mrefu niliachia mafuta, na mlio haukushuka. Uliendelea kuimba juu, ukawa mwembamba, kisha gurudumu la nyuma likakamata ghafla na pikipiki ikaanza kuandika herufi barabarani. Nilishika klachi kabla ya akili kufika, nadhani mkono ulijua wenyewe. Nikasimama pembeni, miguu inatetemeka. Injini ilikuwa imekamata, pistoni imekwama ndani ya silinda.

Ilipopoa, kiki ikashuka tena. Niliisukuma mpaka nyumbani.

Mama hakuniuliza kama nimeumia; alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akajua. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Nieleze inavyopumua."

Nikamweleza. Pikipiki za kawaida za siku hizi hupumua juu ya pistoni tu. Hii hutumia juu na chini. Pistoni ikipanda, inavuta hewa na petroli kuingia kwenye kasha la kranki, chini. Ikishuka, inaukandamiza mchanganyiko ule na kuusukuma kupitia njia za pembeni mpaka juu, mahali pa kuwaka. Oili haina tanki lake, inachanganywa na petroli; mimi natia sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, na oili hiyo ndiyo inayolainisha pistoni na beringi za kranki.

"Kwa hiyo hilo kasha la chini ni pafu," akasema.

"Ni pafu, Mama."

"Na pafu likitoboka?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimesema mambo yale kwa mdomo wangu na sikuwa nimeyasikia. Pafu likitoboka, hewa inaingia bila kupitia kwenye kabureta, haina petroli wala tone la oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, unawaka kwa joto kali, injini inapanda hata mafuta yakifungwa, na pistoni inasuguana na silinda kavu mpaka inakamata. Jeti zangu kubwa zilikuwa kama kumpa mgonjwa dawa ya homa na kuliacha jipu.

Mama akaingia ndani. Akarudi na kile kisanduku chake cha ngozi ambacho tangu utotoni tulikatazwa kukigusa. Kipimo cha presha, kile cha mshale, cha kupampu kwa mkono.

Baadaye nilisoma kwamba mafundi wa injini za mipigo miwili hupima hivyo hivyo, kwa presha ya kama pauni sita kwa inchi ya mraba, na kipimo cha hospitali kikifika 300 kinakaribia hapo hapo. Mama hakujua pauni wala inchi. Alijua tu kwamba kitu kinachovuja hakishiki presha.

Tulitoa kitambaa cha kufungia mkono, tukabaki na pampu, mshale na mipira yake, tukaiunganisha kwa kiungo cha njia tatu. Nikavunja kauri ya plagi ya zamani, nikagundisha mpira ndani yake, nikaifunga mahali pa plagi. Njia ya ekzosi nikaiziba kwa kipande cha mpira na bamba la chuma. Mlango wa kabureta vivyo hivyo. Pistoni nikaishusha chini kabisa ili juu na chini viwasiliane. Kisha nikatoa flaiwili na koili zake, ncha ya kranki ikabaki wazi.

Mama akapampu. Mshale ukapanda: 100, 200, 260. Haukufika 300. Akaacha kupampu, akainamisha kichwa kama anasikiliza mkono wa mtu.

"Inashuka," akasema. "Inashuka haraka."

Nikachovya brashi kwenye maji ya sabuni, nikapaka kuzunguka gasketi ya silinda. Kimya. Kwenye kichwa. Kimya. Nikapaka kuzunguka ncha ya kranki, kwenye kile kipira kidogo, na povu likachemka. Mapovu makubwa, manene, yakipasuka na kuzaliwa mengine. Mama alisogea akayaangalia kwa muda mrefu, mkono wake begani mwangu.

Safari hii nilipasua kasha lote. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosi, kwa hiyo silinda ikachongwa na pistoni kubwa kidogo ikawekwa. Sili za zamani, vile vipira viwili vya kuziba ncha za kranki, nilizitoa kwa bisibisi. Zilikuwa ngumu kama kigae, na midomo yake ambayo ilipaswa kukumbatia kranki ilikuwa imejikunja nje. Zilikauka kwa miaka ya kukaa bure. Pikipiki isiyotembea huharibika mahali usipopaona.

Kazi ya kurudisha tuliifanya wawili. Beringi mpya ziliingia kwenye friza usiku kucha, na asubuhi makasha ya alumini yakaingia kwenye oveni, nyuzi 100. Alumini hutanuka kuliko chuma cha beringi, kwa hiyo vikitoka kila kimoja kwenye hali yake, beringi hudumbukia yenyewe bila nyundo. Ilitoa sauti moja, tok, ikakaa. Sili alizitia Mama. Nilimwonyesha mdomo wenye springi uangalie ndani, kwenye presha, akapaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole, akaibonyeza kwa vidole gumba viwili, akizunguka pole pole, bila kulazimisha. Nimemwona akimfunga mtoto kitovu kwa mikono ile ile.

Kabla ya kufunga kingine chochote tulipima tena. Mshale ukafika 300. Mama akavaa miwani, akatazama saa yake ya kifuani ambayo hakuivaa tangu astaafu. Dakika moja. Dakika tatu. Nilisimama na brashi ya sabuni ambayo haikuwa na kazi. Dakika sita, mshale umesogea upana wa unywele.

Tarumbeta niliifunga kwa kitambaa nikaiweka kabatini, karibu na zile nati mbili nilizoharibu. Filta ya asili ikarudi mahali pake, na jeti ikarudi ile ya kiwandani. Usukani mfupi na kiti vilibaki. Hivyo havikumwumiza mtu.

Ilikuwa jioni. Nikafungua petroli, nikafunga choki, nikapiga kiki. Ya pili ikashika. Nikafungua choki, nikavuta mafuta mpaka ikaimba, moshi ukajaa banda, kisha nikaachia. Mlio ukashuka. Ukashuka mpaka chini, ukabaki pale, tup, tup, tup, kila pigo peke yake.

Mama alikuwa amekwisha kukikunja kipimo chake ndani ya kisanduku. Akakiweka juu ya ndoo.

"Vuta tena," akasema. "Halafu uachie. Nataka kuisikia ikishuka."