Siku moja maishani mwangu: napanda nyasi kwenye itogolo

Saa 10:40 alfajiri

Mvua imekatika. Tangu saa nane usiku nilikuwa macho naisikiliza ikipiga bati, na akili yangu yote ilikuwa kule mteremkoni, kwenye nusu mwezi zangu 62, mashimo niliyochimba ya kukinga maji kwenye itogolo, udongo wetu mgumu. Zimeshika maji au zimepasuka?

Najifunga kanga, nawasha tochi ya simu, naenda nyuma ya jiko kwenye nguzo nilipofunga kipimamvua. Milimita 34. Juzi zilinyesha 19. Naandika daftarini kabla hata ya kunawa uso, maana namba ya mvua ukiiahirisha mpaka wakati wa chai inageuka makisio.

Huku kwetu Nzega, mkoa wa Tabora, mvua ni msimu mmoja tu: inaanza Novemba, inaisha Aprili, na katikati ina tabia ya kukatika wiki mbili tatu. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda nyasi siku moja baada ya mvua ya kwanza. Zikaota, shamba likapakwa kijani chembamba, nikampigia simu mama yangu Urambo kumwelezea. Halafu jua likawaka siku 17 mfululizo. Ilipofika siku ya kumi miche ilikuwa kama nywele zilizoungua. Siku hizi mvua ya kwanza naiacha ipite. Nasubiri mpaka unyevu ushuke chini.

Saa 12:25 asubuhi

Baba mkwe yuko mlangoni mwa zizi, koti begani, fimbo kwapani.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Imenyesha ngapi?"

Yeye hajui kusoma, lakini hiyo namba anaitaka kila asubuhi. Namwambia 34, anaguna kwa kuridhika. Nakamua ng'ombe wawili, naacha chuchu moja kwa ndama. Lita tatu na nusu zote kwa pamoja. Kwa wenye ng'ombe wa kisasa ni kichekesho. Kwa ng'ombe wa kienyeji aliyetoka kwenye kiangazi ni heshima kubwa. Mwaka juzi Desemba kama hii hawakuwa na hata kikombe.

Saa 1:10 asubuhi

Mteremkoni. Ni lazima niieleze ardhi hii, la sivyo hakuna kitakachoeleweka.

Wazee wa huku, Wanyamwezi kwa Wasukuma, wana jina la kila udongo kadiri unavyoshuka kutoka kilimani. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi wa karanga na mihogo. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa majaruba ya mpunga. Katikati kuna itogolo: udongo wa kijivu, mgumu, wenye tabaka chini kama sakafu. Itogolo ndiyo anayopewa mkwe. Baba mkwe alinipa ekari tatu akasema, "Hapo hata mbuzi hasimami." Hakuwa na nia mbaya, ndivyo ilivyokuwa. Juu ilikuwa na ukoko kama ule wa wali chini ya sufuria. Mvua ikinyesha inateleza juu yake kama juu ya bati, inakimbilia mbugani, inaacha vijito vyekundu na mizizi ya migunga ikiwa nje.

Leo nachukua panga, nalisukuma ardhini kwa mkono bila kupiga. Kwanza pale ambapo sijafanya chochote: linaingia vidole vinne, linagota. Udongo chini ni mkavu, mweupe. Natembea hatua saba, naingia ndani ya nusu mwezi, nasukuma tena. Panga linazama mpaka kwenye mpini, na likitoka limepakwa tope lote. Mvua ni ileile na usiku ni uleule.

Hapo ndipo ninapotaka mtu asimame akiniuliza kwa nini safari hii sikuanza na mbegu. Ardhi hii haikukosa mbegu. Ilikosa maji yanayokaa na ilikosa kupumzika. Mbegu nimeileta mwishoni kabisa.

Nusu mwezi ni shimo la kina kifupi, sentimita 20 hivi, lenye upana wa mita nne. Upande ulio wazi unatazama juu yanakotoka maji, na udongo uliochimbwa unalazwa chini kama tuta la kupinda. Mstari wa kwanza niliupima kwa kamba na pimamaji la fundi ujenzi, ili tuta lote liwe kwenye usawa mmoja. Mstari wa pili nikaupanga kwenye nafasi za ule wa kwanza, ili maji yakifurika juu yapokelewe chini. Tulichimba Agosti na Septemba kwa sururu, na ukoko ulikuwa unatoa cheche. Kila shimo likapata ndoo mbili za samadi iliyokaa.

Kati ya 62, moja imepasuka. Ni ya mwisho kabisa, kona ya chini. Nitairudia.

Saa 2:00 asubuhi

Shule zimefungwa, kwa hiyo nina wanangu watatu, shemeji na mke wa jirani. Naye ana itogolo lake, na wiki ijayo sote tutakuwa kwake.

Tunamwaga mbegu kwenye turubai. Nyasi ni senkrasi, ileile inayoota yenyewe kando ya njia na kwenye maboma ya zamani ukanda wote huu mkavu wa Tanzania. Aina moja inayosifika kwenye mashamba ya ng'ombe ya Queensland, Australia, inaitwa Biloela, na asili yake ni Dodoma. Nilipolijua hilo nilikaa nalo siku nzima. Wenzetu walichukua nyasi zetu wakavuka nazo bahari, sisi tunazipita kwa miguu.

Mbegu yenyewe haionekani kama mbegu. Ni kishada cha manyoya, chepesi, rangi ya majivu yenye wekundu, kinang'ang'ania kidole. Ukikisugua kwenye kiganja manyoya yanatoka, na katikati unakuta punje moja au mbili, ndogo kama ya ulezi. Wakati mwingine hukuti kitu, na hapo ndipo watu wanapoibiwa. Mbegu za mwaka ule wa kwanza nilizinunua kwa mfanyabiashara mmoja kwenye mnada, kiroba kizima, na nikija kukumbuka sasa, nusu yake yalikuwa manyoya matupu. Tangu hapo silipi kabla ya kusugua.

Hizi za leo nimezikusanya mwenyewe kwenye ekari niliyotangulia kuiotesha. Nilizivuna Aprili nikaziweka kwenye kiroba kinachopitisha hewa, mbali na moshi wa jiko, maana senkrasi ikivunwa tu inalala. Inataka miezi kadhaa ndipo iwe tayari kuota. Wiki tatu zilizopita nilizijaribu: vishada 100 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani. Baada ya siku 12 vilikuwa vimeota 43. Kwa hiyo sikupigia hesabu ya kilo mbili kwa ekari kama ya mbegu nzuri. Nimepima kilo nne.

Tunachanganya na mchanga mkavu, debe kwa debe, kwa sababu manyoya yakiwa peke yake upepo unayabeba kwa jirani. Kisha tunatawanya ndani ya nusu mwezi na kwenye ukanda tulioukwaruza kwa plau mbele yake. Kosa nililoliona kwa wengi ni kufukia. Hii mbegu ukiifukia kama hindi umeizika. Sentimita moja inatosha, hata pungufu. Tunakata tawi la mgunga lenye miiba, tunafunga kamba, na mwanangu mdogo analiburuta juu ya udongo uliopandwa huku akiimba. Miiba inakwaruza, mbegu inafunikwa, basi.

Kwenye kingo za luseni, juu, tunapanda fiwi. Jamii ya kunde inatia nguvu udongo na inaongeza protini. Nyasi kavu za Septemba protini yake ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa chakula, na ng'ombe anaacha kula hata akiwa amezungukwa na majani. Watu wanadhani ameumwa. Ana njaa na tumbo limejaa.

Saa 5:20 asubuhi

Chai, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), maembe. Tunakaa chini ya mgunga ambao nisingekuwa nao kama si watu wa Dodoma na ile njia yao ya Kisiki Hai: unachagua machipukizi mawili matatu ya kisiki kilichobaki ardhini, unakata mengine, unayaacha yapande. Hatujapanda mti hata mmoja hapa. Tunayo tisa.

Saa 6:30 mchana

Kwenye ekari ya kwanza, sasa ni msimu wake wa tatu. Mashina yamechipua upya, kila kichaka kipana kama sahani ya ugali. Nang'oa magugu kwa mkono, nakagua mchwa. Hawa wanaweza kukata nyasi usiku kucha na kuacha ardhi kama uwanja. Nilichojifunza ni kwamba mchwa anashambulia zaidi pale ardhi ilipobaki uchi, kwa hiyo pengo lolote nalifunika kwa mabua.

Msimu wa kwanza hakuna mdomo ulioingia humu. Nyasi zikatoa mbegu, mbegu zikadondoka, kiangazi kikapita. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko sururu. Oktoba ng'ombe wako mwenyewe anasimama kwenye uzio, mbavu zinahesabika, anakuangalia, na nyasi ziko hapo. Mume wangu tulinuniana siku nne kwa jambo hili.

Msimu wa pili nilikata mara moja, Machi, nyasi zilipoanza kutoa maua, nikaacha mashina ya urefu wa kiganja ili zichipue tena na kunipa mbegu. Tulizibana kwenye sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Marobota 74, kila moja kilo 15 hivi. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku; kwa siku 90 ni marobota 36. Maana yake ekari yangu ililisha ng'ombe wawili kwa kiangazi kibaya. Wawili, na tuna tisa. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaelezwa kuwa ekari moja itawatajirisha.

Tuliwalisha maksai. Majirani walishangaa kwa nini si wenye maziwa. Lakini Novemba mvua inapokuja, maksai aliyekonda halivuti plau, unalima umechelewa wiki tatu, na njaa inayofuata ni ya nyumba nzima.

Saa 9:15 alasiri

Kengele. Kijana wa miaka kama 14 na ng'ombe zaidi ya thelathini wanashuka kuelekea mbugani, moja kwa moja kwenye mbegu za asubuhi. Nakimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaona matawi haya ya miiba? Leo asubuhi tumepanda hapa."

"Mimi niliona ni jangwa tu, mama."

Sina jibu la hasira. Jana lilikuwa jangwa kweli. Namwonyesha njia ya ng'ombe upande wa mashariki, namsindikiza mpaka wavuke wote. Kumi hivi walishakanyaga nusu mwezi mbili za juu. Nasawazisha kwa mikono.

Huko nyuma jambo kama hili liliwahi kufika dagashida, baraza letu la jadi la kijiji. Wazee wakakaa, wakamtoza mwenye mifugo, na wakanitaka na mimi nipande miiba mpakani ili mpaka uonekane. Niliona ni haki. Utaratibu huu si mgeni huku: ngitili ni hiyohiyo, malisho yanayofungwa mvua ikianza na kufunguliwa kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulisimama juu ya desturi hiyohiyo. Baba mkwe anakumbuka ngitili ya baba yake. Ilikuwa palepale ninapochimba.

Saa 12:40 jioni

Ng'ombe wamerudi, wameshiba majani mabichi. Stoo yamebaki marobota matano, sitayagusa. Kiangazi kikifika nitasafisha ukanda wa mita sita kuzunguka shamba, kwa sababu kila Agosti mtu fulani anachoma pori, na senkrasi kavu inawaka kama petroli.

Saa 2:30 usiku

Ugali wa mtama, nsansa (mboga ya majani yaliyokaushwa), maziwa mgando. Naandika: ekari moja na nusu, mbegu kilo sita, fiwi kilo tatu, watu sita, nusu mwezi moja imepasuka, mbili zimekanyagwa. Kwenye pindo la kanga nakuta vishada vinne vya mbegu vimeganda. Naviweka kwenye kopo.

Baba mkwe ananitazama. "Hiyo iliyopasuka ni ya kona ya chini?"

"Ndiyo, baba."

"Maji ya pale yanatoka kwenye njia ya zamani ya ng'ombe. Ukiziba palepale litapasuka tena." Anachora sakafuni kwa ncha ya fimbo, mstari wa maji, kisha mstari mwingine juu yake. "Kinga iwe huku. Kesho niachie sururu."