Kifandugu Kilichonitesa Arobaini Nzima

Kifungua mimba wangu alizaliwa Tanga, wakati wa masika. Alikuwa mtoto mzito, na nilisukuma mpaka nguvu zikaniishia. Mshono ulipona vizuri. Palipokataa kupona ni mahali pamoja tu, mwisho kabisa wa uti wa mgongo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Nikilala ubavu, salama. Nikisimama, salama. Nikikaa, na hasa nikitaka kuinuka nilipokaa, ni kama nimechomwa msumari.

Na arobaini ni ya kukaa. Unakaa kunyonyesha, unakaa kukandwa, unakaa kupokea wageni waliokuja na khanga na sabuni. Shangazi aliyekuja kunilea alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mwili wote ukalegea isipokuwa pale. Usiku mtoto akilia nilikaa ukingoni mwa kitanda kwa tako moja, kisha jingine, jasho likinitoka. Kila aliyekuja kunitazama alisema ndio uzazi, utazoea. Hata kliniki, siku ya chanjo, niliambiwa ni uchovu wa kujifungua. Neno hilo huwaumiza wazazi wengi sana, maana ukishaambiwa ni kawaida, huulizi tena.

Shangazi hakukubali. "Mwanangu, maumivu ya uzazi hupungua kila kukicha. Haya yako hayapungui. Vaa, twende hospitali."

Tulipokewa na mtaalamu wa viungo, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Alinilaza ubavu, akapapasa pingili moja moja kuanzia kiunoni kushuka. Nilitulia mpaka kidole chake kilipofika kwenye ncha. Nikapiga ukelele.

"Pole, mama. Ni kifandugu hicho."

Akachora kwenye karatasi: pingili ndogo, tatu hadi tano, zilizoungana na kupinda kwa ndani. Ukikaa, uzito hubebwa na mifupa miwili ya makalio pamoja na kifandugu nyuma. Ukijiegemeza nyuma, kifandugu huelemewa zaidi. Kichwa cha mtoto kikipita hukisukuma nyuma, na kwa wengine kano huvutika, kiungo huteguka au hata mfupa huvunjika. Wengine hukiumiza kwa kuangukia makalio, au kwa kukaa muda mrefu kwenye kiti kigumu. Wanawake huumwa hapo karibu mara tano zaidi ya wanaume. Nilimsikiliza machozi yakinitoka, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyenieleza kwa nini naumia.

Kuhusu kukandwa, alimwambia Shangazi aendelee na maji ya moto, ila asiukandamize mfupa wenyewe. Ninyonyeshe nimelala ubavu. Nikikaa niinamie mbele kidogo, na kabla ya kuinuka nitangulize kifua. Nivute pumzi taratibu ili misuli ya chini ya nyonga ilegee. Choo kisiwe kigumu: mapapai, mchicha, maji kwa wingi. Parasetamoli kwa kipimo alichoniandikia. Homa, uvimbe, ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, nirudi siku hiyo hiyo. Yakipita miezi bila nafuu, ipo sindano. Kukiondoa kifandugu kwa upasuaji ni hatua ya mwisho, na wachache sana hufika huko.

Kisha akatupatia kipimo cha mto wa kukalia. Shangazi alikipeleka kwa fundi makochi, naye akachagua sponji nzito isiyobonyea mpaka chini. Akachora kwa chaki, akapitisha kisu kirefu, akatoa kipande upande wa nyuma, upana wa kiganja, pakabaki wazi. Fundi alitaka kutoboa tundu katikati. Shangazi akakataa katakata, maana tulishaambiwa wengine mto wa duara bado huwabana palepale. Kwa mto ule kifandugu kilining'inia hewani, hakikugusa kitu. Jioni ile nilinyonyesha maziwa ya pande zote mbili bila kubadili tako.

Maumivu yaliondoka polepole, kwa miezi. Wifi yangu alipojifungua naye akaanza kukaa upande upande, Shangazi hakungoja mtu amwambie atazoea. Alimshika mkono wakaenda kwa mama yule yule, nami nikapeleka kipimo kwa fundi.