Siku moja katika meza ya fundi saa wa Kariakoo

Kazi yangu ni kuunda saa za mkononi zenye sura ya zamani kwa kutumia vipuri vipya vinavyooana. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila ninapoitaja kazi hii watu husikia kitu kingine: husikia kwamba natengeneza saa feki. Siku ninayoisimulia ni Jumanne iliyopita, tarehe 17, nami nimeichagua kwa kuwa ilibeba karibu kila jambo ambalo mtu wa nje halioni, yaani joto, vumbi, mteja aliyetaka niandike uongo kwenye uso wa saa, na kipuri kimoja chepesi kuliko punje ya ufuta kilichoula mchana wangu wote.

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi nilikuwa nimesimama ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, na ilipofika saa moja na nusu nilikuwa nimekwisha kufungua chumba changu, kufuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, kupiga deki na kufunga dirisha. Dirisha hufungwa kwa sababu chini yangu kuna maduka ya vitenge na mashuka, na kila jora linapokunjuliwa hurusha hewani nyuzi ambazo macho matupu hayazioni, lakini zikiingia chini ya kioo cha saa huonekana kama kamba. Feni ninayo, ila siiwashi nikiwa nimefungua saa. Anayedhani kwamba hii ni kazi ya kukaa kivulini aje akae humu mwezi wa Februari, vidole vimevikwa vifuko vya mpira, jasho likitafuta njia ya kuteremka mpaka kwenye lenzi iliyobanwa jichoni.

Saa mbili nilifungua kifurushi cha vipuri nilichokisubiri kwa wiki tano, na kati ya hizo karibu tatu kilikuwa kimefika nchini kikingoja kuruhusiwa. Vipuri vyangu vingi hutoka Guangzhou, China, vikija pamoja na mizigo ya wafanyabiashara wa mtaani kwetu, ambao huko wamekwisha kupazoea kama wanavyoizoea Mnazi Mmoja. Mashine zenyewe, yaani moyo wa saa unaozungusha mishale, huwa ni za Kijapani. Ninayoitumia zaidi ni NH35, ambayo hutengenezwa na kampuni ya kundi la Seiko na kuuziwa watengenezaji wengine. Ina mawe 24 (vito vidogo vinavyopunguza msuguano), hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, na ikijaa hutembea kwa takriban saa 41 bila kuvaliwa. Ni ndugu wa karibu wa mashine ya 7S26 iliyomo katika saa nyingi za Seiko 5 za kuanzia miaka ya 1990, isipokuwa hii unaweza kuitia ufunguo kwa mkono, na ukivuta kifundo cha ubavuni mshale wa sekunde husimama ili upate kuirekebisha sawasawa na redio.

Mtu akisikia neno «kuoana» hudhani ni jambo la kupachika tu. Uso wa saa kwa mashine hii una kipenyo cha milimita 28.5, na nyuma yake kuna vimiguu viwili vinavyoingia katika matundu ya mashine. Vikikaa mahali pasipo pao, dirisha la tarehe halilingani na tarehe, au kifundo hakiingii kwenye tundu la kasha. Mshale wa saa uwe na tundu la milimita 1.50, wa dakika 0.90, na wa sekunde 0.20. Mashine ya Kiswisi ya ETA 2824, ambayo vipuri vyake huuzwa katika meza hizo hizo huko Guangzhou, nayo hutaka 1.50 na 0.90, lakini mshale wake wa sekunde ni 0.25. Naomba msomaji auweke akilini huo upungufu wa milimita 0.05, kwa maana tutakutana nao tena.

Saa tatu na robo akaja mteja. Wiki mbili kabla alikuwa ameagiza saa ya sura ya wapiga mbizi wa zamani: kasha la chuma la milimita 39, uso mweusi usio na maandishi, pete ya nje inayozunguka, mishale mipana. Tulikubaliana, akaacha malipo ya awali ya shilingi elfu themanini, nami niliimaliza siku ya Jumamosi. Aliivaa, akaitazama kwenye mwanga, akasema ni nzuri kuliko alivyotarajia. Kisha akatoa mfukoni kijibahasha, na ndani yake mlikuwa na uso mwingine wa saa, wenye jina kubwa la Uswisi ambalo kila mtu analijua.

«Fundi, kila kitu kiko sawa. Nibadilishie huu tu, nakuongezea elfu hamsini.»

Nilimwambia, «Kaka yangu, hilo sitaweza,» nikidhani maneno yameisha. Hayakuisha. Alivuta stuli, akakaa, na kwa muda wa saa moja na nusu alinizungusha kwa hoja ambazo nimezisikia mara nyingi, lakini safari hii zilipangwa na mtu mwenye akili. Alisema hakuna atakayejua. Alisema Kariakoo nzima inauza. Alimpigia simu rafiki yake ili anieleze kwamba fundi mwingine angefanya kwa elfu ishirini. Hatimaye akasema neno lililonigusa: «Fundi, sura yenyewe umeshaiiga. Umebakiza nini?»

Hilo ni swali la haki, nami nilimjibu kwa kirefu. Uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa gizani na pete inayozunguka havikubuniwa kwa ajili ya urembo wa mtu mmoja; vilitokana na mahitaji ya mzamiaji anayepaswa kujua, ndani ya maji yenye giza, amekaa chini dakika ngapi. Blancpain wa Uswisi walitoa saa yao ya Fifty Fathoms mwaka 1953, Rolex wakatoa Submariner miaka hiyo hiyo, Seiko wakaja na saa ya kwanza ya Kijapani ya wapiga mbizi mwaka 1965, na baada ya hapo makampuni mengi yameendelea kutengeneza saa za mtindo huo, kila moja kwa jina lake. Mtindo ni kama mshono wa kanzu. Jina ni jambo jingine: ni kauli ya nani aliyeitengeneza na nani atakayejibu siku itakaposimama. Nikiweka jina la Waswisi juu ya mashine ya Kijapani iliyofungwa na mimi Kariakoo, nimesema uongo kwa aliyenunua, kwa atakayenunua kutoka kwake, na hata kwa mtoto atakayeirithi. Nikamkumbusha pia kwamba ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na kwamba Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo. Lakini nilimweleza kwamba hata sheria isingekuwapo nisingefanya. Siandiki hata «mita 200», yaani kina cha maji ambacho saa huhimili, kwenye uso wa saa zangu, kwa kuwa kifaa changu cha kupimia uvujaji hakifiki huko.

Alisimama, akadai fedha zake. Nilimhesabia elfu themanini zote, ingawa makubaliano yetu yaliniruhusu kubaki na nusu, kwa sababu sikutaka aondoke na neno la kusema. Mashine peke yake hunigharimu kama laki moja mpaka ifike mezani. Ile saa sasa imo kwenye droo, haina mwenyewe, na mkono wangu ulitetemeka kwa muda baada ya mlango kufungwa, jambo ambalo kwa fundi saa ni hasara nyingine.

Kwa hiyo kazi ya pili niliianza saa sita badala ya saa nne. Hii ilikuwa ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye anaijia Jumatano asubuhi. Saa yake ya ujanani ilipotea, naye alinieleza umbo lake kwa kuchora kwenye karatasi: namba kubwa, mishale minene, na rangi ya krimu kwenye alama. Krimu ile haikuwa rangi ya kiwandani. Saa za zamani zilipakwa rangi za kung'aa gizani zenye radiamu, na baadaye tritiamu, ambazo huzeeka na kugeuka manjano, na ndiyo maana leo tunapaka rangi salama iliyotiwa krimu tangu mwanzo. (Mwenye saa kuukuu ya radiamu asiifungue wala kuikwangua mwenyewe, vumbi lake lina mionzi na halifai kuvutwa puani.)

Mzee aliongeza ombi moja ambalo limenifurahisha kuliko yote niliyoyapata mwaka huu. Alisema, «Mwanangu, maisha yangu yote nimesoma saa moja na kusema saa saba, nimesoma saa saba na kusema saa moja. Nataka saa inayosema ninavyosema.» Nilimwambia, «Inawezekana, mzee wangu,» na kweli inawezekana bila kukata chochote. Kwa kawaida fundi huzungusha kifundo mpaka tarehe inaporuka, kisha huweka mishale yote miwili kwenye 12, kwa kuwa hapo ndipo usiku wa manane kwa hesabu ya kizungu. Mimi nilingoja tarehe iruke, nikaweka wa dakika kwenye 12 na wa saa kwenye 6. Tarehe inabadilika saa sita usiku, na uso unasema saa sita.

Mishale hiyo miwili ilikaa kwa dakika ishirini. Kisha ukaja wa sekunde. Niliushika kwa kibano, nikaulenga juu ya kincha chake, yaani kijiti cha katikati kinachouzungusha, nikausukuma taratibu, ukaingia. Nikageuza saa, nikaigonga kidogo kwa kidole kama nifanyavyo siku zote, nao ukaanguka. Nikaurudisha, ukaanguka. Mara ya tatu ulisimama dakika kumi, nikashusha pumzi, ukalegea na kuanza kuning'inia kwenye 6. Nilianza kuushuku mkono wangu, kwamba hasira ya asubuhi bado imo ndani yake. Kisha nikaishuku mashine, nikakikagua kincha chini ya lenzi kubwa, nikakiona kimenyooka na hakina mkwaruzo. Tundu dogo namna hiyo huwezi kulipima kwa vipimo vya kawaida, hivyo nikachukua mashine mbovu ya 2824 ninayoihifadhi kwa majaribio kama haya na kuupachika ule mshale juu yake. Ukakaa imara, kama uliozaliwa pale. Kifuko kiliandikwa 0.20, na ndani yake mlikuwa na 0.25.

Wapo wanaolibana tundu kwa koleo au kutia tone la gundi. Gundi inashuka kwenye mashine, na tundu lililobanwa vibaya hupinda, ukabaki na mshale unaokwaruza wenzake kila dakika. Nilimwaga mezani mishale yote ya sekunde niliyonayo, arubaini na kitu, nikaijaribu mmoja mmoja kwa urefu na kwa tundu, nikapata mmoja tu unaofaa, wenye alama nyeupe. Mweupe kando ya krimu huonekana kama jino la bandia. Nikaukwangua ule weupe, nikachanganya unga wa rangi ya kung'aa na gundi yake, nikatia rangi kidogo, nikapaka, rangi ikawa ya machungwa, nikafuta, nikapaka tena. Katikati ya mara ya tatu umeme ukakatika.

Sikumbuki vizuri saa za hapo katikati. Nakumbuka taa ya kichwani, shati limegandamana na mgongo, chakula nilichokifunika kikapoa, na kijana ninayemfundisha kazi akinishikia kioo cha kukuzia huku amezuia pumzi, maana nilimwambia asipumulie mezani. Mshale ulikauka, ukaingia, nikagonga, haukuanguka. Nikapuliza uso kwa pampu ya mpira, nikafunga kasha, nikatazama: unywele wa kitambaa, mwekundu, kando ya namba 9. Nikafungua. Nikafunga: punje nyeupe karibu na dirisha la tarehe. Nikafungua tena, na safari hii nilikaa dakika tano bila kusogea ili hewa ya chumba itulie kabla sijarudisha kioo. Watu wengi hudhani ufundi wetu umo kwenye mashine. Mashine huja imekwisha kuunganishwa. Ufundi umo humu, katika kufunga saa mara tatu na kuikataa mara mbili wakati mwenyewe asingeona chochote.

Umeme uliporudi kulikuwa kumekwisha kuwa giza. Niliiweka saa kwenye kifaa cha kupimia mwendo, ikasoma sekunde 22 mbele kwa siku. Mtengenezaji anaruhusu kuanzia 20 nyuma hadi 40 mbele, kwa hiyo ningeweza kuiacha, lakini nilikigusa kijiti cha kurekebishia kidogo sana, mara nne, mpaka ikatulia kwenye 6 mbele. Kisha nikaandika kadi ya mzee kwa mkono: mashine ya Kijapani, kasha, uso na mishale kutoka Guangzhou, mshale wa sekunde umepakwa upya na fundi, imeunganishwa Kariakoo, Dar es Salaam, isitiwe majini kwa makusudi, tarehe isibadilishwe kwa kifundo kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe huwa yameshikana na yanaweza kuvunjika.

Nilifunga chumba saa tatu kasorobo na kwenda na saa ya mzee nyumbani ndani ya kisanduku, kwani sikutaka kumkabidhi kabla sijaiona ikifanya kazi yake ya usiku. Mke wangu alilala. Nilikaa sebuleni, saa juu ya meza, rangi ya krimu iking'aa kijani kibichi kwenye mwanga hafifu wa taa. Tarehe ilianza kusogea mapema, nusu ya 17 na nusu ya 18 zikiwa dirishani pamoja. Dakika tatu baada ya saa sita usiku, mshale mfupi ukiwa unatazama chini kwenye 6, ilisikika sauti ndogo, 18 ikakaa katikati ya dirisha, nami nikazima taa.