Kunoa cheni ya pembe kwa tupa ya mkono: nilivyojifunza hapa Tabora

Kwa miaka 11 nimekuwa nikiishi kwa msumeno wa cheni. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuangusha na kukata mikaratusi katika mashamba ya wakulima wa tumbaku wa Uyui na Sikonge, ambao huipanda kwa ajili ya nguzo na kuni za kukaushia majani, na mara chache huitwa kukata mninga au mtundu pale ambapo mwenye kazi ameshapata kibali cha uvunaji. Katika miaka hiyo yote nilijua njia moja tu ya kunoa, yaani tupa ya duara ya milimita 5.5 kwa cheni ya kipimo cha inchi 3/8, ikisukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, na niliamini kwamba hakuna zaidi ya hapo.

Binamu yangu, ambaye hupasua misonobari kule Mafinga, alipokuja kwa msiba wa shangazi yetu aliniletea cheni mbili za aina iitwayo cheni ya pembe. Kwa kuzitazama juu juu zilifanana na zangu kabisa: zilikaa vizuri kwenye baa yangu ya inchi 20, yaani kile chuma kirefu ambacho cheni huzunguka juu yake, zikiwa na meno 36, nusu yakielekea kulia na nusu kushoto. Nilipofunga ya kwanza na kukata gogo bichi la mkaratusi, msumeno ulizama wenyewe bila mimi kuusukuma, nao ulitoa chenga nene ndefu badala ya zile fupi nilizozizoea. Kufikia saa nane mchana makali yalikuwa yamepungua. Nilikaa kivulini, nikatoa tupa yangu ya duara na kuyapitia meno yote 36 kwa uangalifu, kama nilivyofanya siku zote. Niliporudi kwenye gogo, ile cheni ilikuwa imegeuka cheni ya kawaida. Ilikata, lakini ule wepesi ulikuwa umetoweka, na ni mimi niliyeuondoa kwa mikono yangu.

Ili kueleza nilichoharibu, sina budi kulieleza jino lenyewe. Jino la cheni lina makali mawili. Moja liko juu, kwenye paa la jino, nalo huinua mti kama randa inavyofanya. La pili liko ubavuni, nalo hukata nyuzi pembeni kabla hazijainuliwa. Makali hayo yanapokutana ndipo ilipo ncha, na ncha ndiyo inayotangulia kuingia kwenye mti, kwa hiyo hali yake ndiyo inayoamua hali ya msumeno mzima. Tupa ya duara huacha ndani ya jino shimo lenye umbo la mviringo, na ubavu unapanda kuelekea kwenye ncha kwa mkunjo. Cheni ya pembe hunolewa kwa tupa yenye nyuso bapa, hivyo ndani ya jino hubaki nyuso mbili zilizonyooka zinazokutana kwenye mstari mmoja, na mstari huo lazima uishie kwenye ncha yenyewe. Wakataji wa pwani ya magharibi ya Marekani wameipenda kwa muda mrefu kwa sababu wanakata misonobari na jamii zake, miti mirefu yenye mbao laini na safi. Ndiyo maana binamu yangu wa Mafinga alikuwa nayo, nami wa Tabora sikuwahi kuiona.

Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi mjini kwa siku mbili nikitafuta tupa inayofaa. Nilichopata ni tupa ya pembetatu, ile ambayo mafundi seremala hunolea misumeno ya mkono. Nilijaribu nayo kwa sababu nilikuwa na haraka. Pembe za tupa hiyo ni za nyuzi 60, ilhali zile nyuso mbili ndani ya jino zimeachana kwa pembe pana zaidi ya nyuzi 90; kwa hiyo kila nilipolaza tupa kwenye uso wa paa, ubavu haukuguswa, na kila nilipoilaza ubavuni, mstari wa kukutana ulihama. Baada ya meno manne nilisimama. Nilimpigia simu binamu, naye akanitumia kwa basi tupa mbili bapa zenye pande sita, ambazo pembe zake za ukingoni zimetengenezwa kwa kazi hii hasa na hugusa nyuso zote mbili kwa pamoja.

Zilipofika nilifanya uamuzi ambao ninaufurahia hadi leo: sikuigusa kabisa ile cheni ya pili iliyokuwa nzima. Niliihifadhi iwe kielelezo, kisha nikaichukua ile niliyoiharibu iwe ya kujifunzia, nikianza kuirudisha kutoka kwenye mviringo hadi kwenye pembe, jino moja baada ya jingine. Nilitia baa kwenye mfereji nilioukata juu ya kisiki kigumu, nikaikaza kwa kabari mbili za mbao ili isitikisike hata kidogo, nikalegeza breki ya cheni na kuanza.

Siku ya kwanza nilipoteza muda mwingi kwa sababu mwili wangu ulikuwa umezoea njia ya zamani. Katika kunoa kwa pembe, tupa haitoki ndani kwenda nje. Inatoka nje, mbele na juu ya jino, na kusukumwa kwenda ndani, nyuma na chini, takriban nyuzi 45 ukilinganisha na baa, huku mkono wa mpini ukiwa umeinuliwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Ni mwelekeo wa mshazari wa pande tatu kwa wakati mmoja, na hakuna mstari wowote kwenye cheni unaokuonyesha uko sahihi. Tena, tupa inapaswa kupita bila kukwaruza kile kinundu cha mbele kinachodhibiti kina wala vile viungo vya pembeni vinavyoshikanisha meno. Nilichukua ubao, nikachora juu yake mistari ya nyuzi 45 kwa kipimapembe cha mwanangu wa darasa la sita, nikaupigilia pembeni mwa kisiki ili jicho langu liwe na cha kufuata. Mistari hiyo ilinisaidia kwa upande wa kulia na kushoto, ila kwa upande wa juu na chini nilibaki nikikisia.

Aliyenitoa kwenye kukisia ni mzee mmoja wa Ng'ambo ambaye amenoa misumeno ya mkono ya mafundi wa mji huu tangu mimi sijazaliwa. Hakuwahi kunoa cheni. Nilimpelekea kwa sababu nilijua kwamba anaijua tupa. Baada ya kuniitikia shikamoo alichukua miwani yake, akaligeuza lile jino la kielelezo kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu, kisha akalitazama la kwangu.

“Mwanangu, unaitazama tupa,” akasema. “Tupa haibadiliki. Tazama jino.”

Aliniagiza nilipake jino wino kabla ya kila mipigo miwili, ili wino unaofutika uonyeshe mahali tupa ilipogusa. Nilinunua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye magunia, pamoja na kioo kidogo cha kukuzia, na kuanzia siku hiyo nilianza kuona. Wino ulifutika juu peke yake, au chini peke yake, au katikati huku ncha ikibaki nyeusi, na kila namna ya kufutika ilikuwa na sababu yake kwenye kiwiko au kifundo cha mkono wangu.

Hapa ndipo ulipo ugumu wote wa kazi hii, nami ningependa mwenye kujaribu alielewe jambo hili kabla hajaharibu cheni kama mimi. Pembe ya tupa lazima ikutane na ncha ya jino, si karibu na ncha. Tupa ikishuka chini kidogo, ule mstari wa kukutana unaangukia ubavuni chini ya ncha, na ncha inabaki ikichomoza mbele kama mdomo wa ndege. Jino la namna hiyo huonekana kali mno na hata likikugusa kidole unashawishika kulisifu, lakini ni jembamba, halina nyama ya kulishikilia, na hukatika au kulala baada ya magogo mawili. Tupa ikipanda juu kidogo, mstari unaangukia kwenye makali ya paa, mbali na ncha, na ncha inanolewa na ule uso wa ubavu peke yake, hivyo inakuwa butu. Msumeno utakwaruza badala ya kuzama, nawe utaanza kuusukuma. Tofauti kati ya makosa hayo mawili ni ndogo kuliko unene wa kucha. Mimi nilianguka kwenye kosa la kwanza kwa wiki nzima, kwa sababu lilinipa makali ya haraka na kunidanganya.

Mengine yalikuja kwa urahisi zaidi. Tupa inakata ikienda mbele tu, kwa hiyo unaiinua unaporudi. Unaipaka chaki ili unga wa chuma usigande kwenye meno yake, na kuisugua kwa brashi ya waya kila baada ya meno machache. Jino likishanolewa vizuri, ukilielekeza kwenye jua, makali yake hayarudishi mwanga; ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo bado kuna ubutu. Vile vinundu vya mbele nilivishusha kwa tupa bapa hadi viwe chini ya makali kwa takriban milimita 0.65, kama ninavyofanya kwa cheni yangu ya kawaida.

Lililonisumbua kwa muda mrefu baada ya kuipata ncha ni kutolingana kwa pande. Mimi natumia mkono wa kulia, na meno ya upande mmoja nilikuwa nikiyanoa kwa mkono uliotulia, ilhali ya upande wa pili nilijipinda juu ya mashine. Nilipokata gogo nene, msumeno ulianza kuchora njia iliyopinda, na uso wa gogo ukatoka kama sahani. Nilipima urefu wa mapaa ya meno kwa kalipa na kukuta upande mmoja umekuwa mfupi kuliko wa pili kwa karibu nusu milimita. Nilirekebisha kwa kuyapunguza yale marefu, jambo linaloumiza kwa mtu anayejua bei ya cheni, kisha nikabadilisha utaratibu: ninazunguka upande wa pili wa kisiki, ninabadilisha mkono ulioshika mpini hata kama unahisi mgeni, na ninahesabu mipigo. Mkono wa kushoto ulichukua takriban mwezi mmoja kukubali.

Baada ya hapo nilikutana na tatizo ambalo ni la huku kwetu hasa. Ncha ya cheni ya pembe haistahimili udongo, na miti ya huku ina udongo hata pale usipoutarajia, kwa sababu mchwa hupandisha tope juu ya gome hadi mita kadhaa kutoka ardhini. Nilikuwa nimeinoa cheni kwa saa nzima, nikakata mtundu mmoja uliokauka ukiwa umesimama, wenye njia za mchwa upande wa kivulini, na ncha zote zikafa kabla ya mkato wa pili. Tangu hapo sikati kwa cheni hii kabla ya kupita na shoka na kuondoa gome kwa upana wa viganja viwili pale msumeno utakapopita, na gogo lililoburutwa chini silikati nayo kabisa. Kwa mninga mkavu na kwa miembe mizee ya mjini, ambayo mara nyingine ina misumari na waya ndani yake, ninarudi kwenye cheni ya duara bila kusita, kwa kuwa ile inavumilia na inanoleka kwa dakika kumi.

Ninapochana magogo ya mtundu hukuta humo mabuu manene meupe yaliyochimba njia katika mti mgumu, yakikata kushoto na kulia kwa taya mbili. Joseph Buford Cox, mkataji miti wa Oregon, Marekani, alikuwa akiwatazama mabuu wa namna hiyo kwenye kisiki alipopata wazo la jino linalokata pande zote mbili, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni aliyoibuni kwa mfano huo. Kila ninapowaona huwaacha kwenye gogo kwa dakika chache kabla sijaendelea na kazi.

Sasa ninanoa cheni nzima ya pembe kwa takriban dakika 40, jioni, nyumbani, kwenye jiliwa niliyoifunga mezani, na ninatumia cheni hiyo kwa mikaratusi mibichi iliyomenywa pekee. Kwa kazi hiyo ninamaliza shamba mapema, na mgongo wangu haulalamiki kama zamani. Mdogo wangu ameanza kuja nami kazini, naye nimempa ile cheni niliyoiharibu mwanzoni, ambayo meno yake bado hayajafika kwenye ile alama ya mwisho wa kunoa, pamoja na kalamu ya wino na kioo. Amemaliza meno 18 ya kulia, na ncha zake zimekaa vizuri. Leo ameanza ya kushoto.