Shinrin-yoku: nilivyokuja kuielewa nikiwa naogesha wazee

Hili neno la Kijapani, la kwenda msituni kutulia, limezagaa sana siku hizi na wengi wanaolielezea kwa Kiswahili wanalielezea ndivyo sivyo, na mimi maelezo hayohayo yalinipotezea Jumapili nzima, ndo maana naandika. Kuna video nimetumiwa na watu kama watatu, jamaa anasema eti ni mila ya Wajapani ya maelfu ya miaka, uende msituni ukumbatie mti, utembee hatua elfu kumi, stresi yote kwisha. Hapana jamani. Neno lilitungwa mwaka 1982, aliyelitoa ni Tomohide Akiyama, alikuwa mkuu wa Idara ya Misitu ya Japani, na sehemu ya kwanza kuhusishwa nalo ni msitu wa Akasawa kule Kiso, mkoa wa Nagano. Kupenda misitu, sawa, wameanza zamani sana, ila neno lenyewe bado changa.

Mi kwetu Lushoto, niko Hachioji huku Tokyo nasoma, na wikendi nafanya arubaito, yaani kibarua, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kazi yangu kubwa pale ni kuogesha. Hilo likumbuke.

Sasa hapa Hachioji tuna mlima Takao, mita 599 tu, nauli ya treni si kubwa. Nikaenda Jumapili ya Novemba, majani yamegeuka mekundu, kumbe Tokyo nzima nayo imekuja. Foleni ya kebokaa, yaani gari la kuvutwa na kebo kupanda mlima, foleni ya choo, juu kileleni foleni ya kupiga picha kwenye kibao. Mimi na programu yangu ya kuhesabu hatua mkononi, napanda mbio napita watu, nikakumbatia msugi mmoja mkubwa, yaani mwerezi wa Kijapani, kama video ilivyosema, gome likanichuna shavu, nikashuka. Masaa mawili na nusu, hatua elfu kumi na nne. Nilirudi magoti yanauma na kichwa kizito kuliko nilivyoondoka nacho. Nikampigia mama Lushoto nikamweleza, akaniuliza, "Mwanangu, umeenda msituni, hukuleta kuni, hukuleta dawa, ulifuata nini?" Sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata bafuni. Pale kazini kuna mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, kwao ni hukohuko Kiso. Siku hiyo namsugua mgongo nikataka kumfurahisha, nikamwambia juzi nimefanya shinrinyoku. Akasema "ee?" Nikarudia. "Ee?" Mara ya tatu akaelewa, akaanza kugonga ukingo wa beseni kwa kidole, taratibu: shi, n, ri, n, yo, ku. Mapigo sita. Mi nilikuwa naunganisha, natamka "nyo" kama ya nyoka, na kwa Mjapani hapo neno limeharibika kabisa. Hiyo n inasimama peke yake, ina pigo lake, na hapa sisi tumebarikiwa maana tunayo tayari: sema nchi, sema mtu, usikie ile n na ile m zinavyojitegemea. Wenzangu darasani wanaotoka nchi nyingine wanahangaika na hiyo n miezi, we Mswahili ukishaambiwa siri yake dakika moja umemaliza. Kwa hiyo shi-n-ri-n, pumzi kidogo, yo-ku.

Halafu mzee akanionyesha ubao wa ratiba ukutani. Pale pameandikwa nyuuyoku, yaani kuoga, nani anaoga lini, na nausoma ubao ule kila wikendi. Herufi ya mwisho ya kuoga ndo hiyohiyo ya mwisho ya shinrin-yoku: maji kushoto, bonde kulia. Na shinrin, yaani msitu, imechorwa kwa miti, mitatu kwanza halafu miwili. Akaniuliza, hapa tunaogaje? Nikanyamaza kwanza maana jibu nalifanya kila wikendi. Sisi nyumbani kuoga ni kujimwagia maji, kusugua, kujifuta, basi. Huku unasugua na kusuuza nje ya beseni mpaka uwe safi kabisa, ndo unaingia kwenye maji ya moto, na mle ndani hufanyi kitu. Unakaa. Mzee akishazama mpaka mabega anafumba macho anasema "gokuraku, gokuraku", yaani peponi, peponi. Sasa mimi Takao nilienda kusugua, kwenye maji sikuingia.

Ndo maana "kuoga msituni" wanavyotafsiri wengi sikubaliani nayo, msikilizaji anawaza ndoo na sabuni. Wajapani wana nikkoo-yoku pia, na hiyo sisi tunaiita kuota jua. Yoku ileile! Tunaota jua, tunaota moto, basi na hii ni kuota msitu. Anayesema utachanganya na ndoto, mbona kuota moto hatuchanganyi?

Nikarudi Takao Mei, Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, njia namba 6 inayofuata kijito. Simu niliiacha kwenye loka, yaani kabati la kukodi, ya stesheni, mia kadhaa zimeenda lakini ni hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huo, maana simu ikiwa begini hata ukiizima mkono unaitafuta tu. Njia ni nyembamba, usikae katikati. Nikatandika shiti pembeni ya maji nikakaa. Nusu saa ya kwanza ni mateso, nawaza kodi, nawaza mtihani, baridi ya udongo inapanda. Sikuondoka. Ikafika mahali nikaanza kusikia kwamba kijito kina sauti mbili, moja nyembamba juu ya kokoto na nyingine nzito chini ya jiwe lenye ukungu wa kijani, na tangu nimekaa nilikuwa nasikia moja. Mwanga unaochuja kwenye majani wanauita komorebi, ulikuwa unatembea juu ya goti langu. Nilikaa masaa mawili, sikutembea hata kilomita mbili.

Februari mpaka Aprili usithubutu, chavua ya misugi itakupigisha chafya mpaka ulie. Na watakaokwambia inatibu kila kitu, tulia: daktari Qing Li wa Nippon Medical School amepima watu waliokaa msituni siku chache akakuta seli fulani za kinga zimeongezeka nguvu, anahusisha na harufu ya miti, lakini dawa ya presha yako endelea kumeza.

Wakati wa kurudi siku ile ya Mei nikanunua vipande vya mti wa hinoki dukani, yen mia tano hivi. Hinoki ndo mti wa Kiso, ndo unaotumika kujenga upya hekalu kuu la Ise, huku Japani, kila miaka 20. Jumamosi nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikaviweka kwenye beseni la yule mzee kabla hajaingia. Alizama, akanusa, akakaa kimya muda mrefu sana, halafu akaanza kunitajia majina ya vijiji vya kwao kimoja kimoja, mpaka maji yakapoa.